Vile Ndengu ya Kuota Ilinistaafisha

Kila siku nikishika hii paipu ya gari ya maji, lazima mmoja wenu aniulize: "Buda, si wewe ndio ulikuwa Mutiso wa ndengu? Mbona uliacha?" Halafu wengine wanacheka na mitungi zao. Basi leo nitajibu mara moja, msinisumbue tena. Sikuacha. Nilistaafu. Mtu mwenye ameacha kazi anaweza rudi. Mwenye amestaafu akirudi anapata kiti yake imekaliwa. Yangu imekaliwa na mzee wa kanisa, na huyo ukijaribu kumtoa anaanza na maombi.

Najua mnaniangalia mkisema huyu hata ndevu haijakomaa, amestaafu aje? Kwani wacheza mpira hawastaafu na umri kama yangu? Na hao hawajawahi amka kabla ya jogoo kuosha ndoo tatu za ndengu.

Kwanza mjue kazi yenyewe, kwa sababu nikisema "ndengu ya kuota" kuna mtu hapo nyuma anafikiria ni ndengu ya ndoto. Unachukua ndengu kavu, ile ile ya kawaida. Unachagua mawe na zile zimevunjika. Unaloweka usiku mmoja, asubuhi unamwaga maji, unaweka kwa ndoo yenye iko na mashimo chini, unafunika na kitambaa mbichi ama gunia. Unaiosha asubuhi, mchana na jioni. Baada ya siku mbili hivi inatoa kamkia keupe. Kamkia kakifika urefu wa ndengu yenyewe, kazi imeisha. Pika.

Sasa mimi kwetu ni Ukambani, na kwetu ndengu ikiota ni msiba. Inamaanisha mvua imeingia kwa ghala. Siku nilipigia mama yangu nikamwambia nimepata biashara Kitengela, nauza ndengu imeota, aliniambia nirudie, akifikiri simu imekata maneno. Halafu akaniuliza pole pole, kama mtu anauliza mgonjwa, "Mutiso, kwani watu wa huko hawaoni?"

Mwenye alinifunza ni Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mpishi kwa kambi ya Wachina wenye walikuwa wanatengeneza barabara. Mimi nilikuwa nimeandikwa kuosha sufuria. Hao watu walikuwa wanakula ndengu ya kuota vile sisi tunakula sukuma wiki. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, hii maneno ulifunzwa na Wachina?"

Akanicheka. "Wewe Mkamba, Wachina walinipatia ndengu tu. Kuotesha nilijua nikiwa mtoto. Nyanya yangu alikuwa anaotesha wimbi ya kimea, ya kupika busaa, pombe ya kwetu. Unaloweka, unafunika, unangoja. Mkono ni ule ule. Tofauti ni mahali unaenda nayo baadaye."

Hiyo kitu ya kimea muiweke kando kidogo, tutairudia. Iliniletea shida kubwa.

Barabara ilipoisha, Wachina wakahama na Mzee Wafula akarudi nyumbani. Aliniachia ndoo zake na neno moja. "Mutiso, usifunze mteja. Hii kazi haina ufundi ya kuficha. Siku mteja ataona vile ni rahisi, funika ndoo, tafuta kazi ingine."

Nikasema sawa. Kwa hiyo mkiona leo namwaga siri hapa bure, mjue sina kitu ya kupoteza.

Lakini hata rahisi iko na meno yake. Nilipoanza peke yangu, ndengu ilikataa kuota. Naloweka, naosha, naongea nayo, hakuna. Inavimba tu halafu inanuka kama soksi ya polisi. Nikalaumu mwenye kuniuzia. Nikabadilisha duka, soksi ni ile ile. Kumbe ni maji ya bohoo, ya kisima ya kuchimbwa, iko na chumvi. Nyinyi mnajua maji ya hapa, ukikanda chapati nayo unaweza sahau kuweka chumvi. Siku nilitumia maji tamu ya kununua, ndengu ikaamka kama imeitwa jina. Ndio mimi nilijuana na watu wa magari ya maji, na ndio mnaniona hapa leo. Mungu hupanga mambo yake kwa njia ya chumvi.

Ingine. Usiende kwa duka ya dawa za shamba ununue mbegu ya kupanda uoteshe ukule. Hizo zimepakwa dawa. Ni za mchanga, si za tumbo. Nunua ndengu ya kupika, kwa mama wa nafaka, ile angepikia watoto wake.

Na maharagwe nyekundu usikule mbichi, hata ikiota mkia ya ng'ombe. Mimi nilijaribu. Nilijiambia, si ndengu huliwa? Nikatafuna konzi moja nikienda stage ya matatu. Sitasema yenye ilinipata, lakini kuna choo fulani ya petroli station tunajuana nayo mpaka leo. Hiyo maharagwe iko na sumu yake, na inatolewa na kuchemsha kabisa, maji ikipiga kelele. Ndengu ni mpole. Lakini hata ndengu, ngojeni nitawaambia vile sista wa kliniki alinigombeza.

Soko haikuwa rahisi. Nilijaribu Kajiado, siku ya soko. Nikatandika gunia, nikapanga ndengu yangu, mkia nyeupe, safi, inang'aa. Akakuja mama mmoja mzee, shanga mpaka kwa masikio.

"Sopa, yeyo," nikamsalimia na Kimaasai.

"Ipa." Akainama akaangalia. "Hii ni nini?"

"Ni ndengu, imeota. Ni chakula nzuri sana, iko na vitamini."

Akachukua moja, akaigeuza kwa vidole. "Inaanza kuwa nyasi."

"Ee, karibu."

"Kijana, mimi nalisha mbuzi nyasi, halafu mbuzi inanilisha mimi. Wewe unataka tumpite mbuzi?"

Watu wakacheka, hata mimi. Lakini alinunua! Nikasema nimeshinda. Akageuka hapo hapo, akampatia mbuzi yake yenye alikuwa amefunga kwa nguzo. Mbuzi ikakula yote, ikaniangalia kama inauliza bei.

Kwa hivyo soko yangu ikabaki Kitengela, kwa plot ya nyumba za kukodi yenye nilikuwa nakaa na plot za jirani. Na hapo ndio Mama Brayo anaingia.

Mama Brayo alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango. Bwana yake, Baba Brayo, ni mtu wa Magharibi pia, kama Mzee Wafula, anafanya kazi ya ofisi Nairobi, na kwa kanisa ni mzee wa kanisa. Suti yake hata Jumanne inakaa ya Jumapili. Mama Brayo alikuwa na mimba, na alikuwa anazungushwa na kizunguzungu. Kliniki walimwambia damu yake iko chini, wakampa vidonge, wakamwambia akule ndengu, maini, mboga ya kijani. Sasa shida ni kwamba akikula maharagwe ama ndengu ya kawaida, tumbo inajaa hewa, kiungulia inapanda mpaka anakaa kitandani kama amemeza moto. Maini ilikuwa inamtapisha akisikia tu harufu. Akawa anashinda na chai na mkate.

Siku moja nikamwekea bakuli. "Mama Brayo, jaribu hii. Imeota, haina vita."

Akajaribu. Akakula. Akangoja kiungulia, haikukuja. Kesho yake akagonga mlango na bakuli tupu. "Mutiso, ile kitu yako iko?"

Hiyo ndio faida ya kwanza ya kuota, msikize vizuri. Ndengu kavu imejifunga, imekaza kama mtu anangoja mshahara. Ikiota inajifungua yenyewe. Ile kitu inaleta hewa kwa tumbo inapungua, inaiva haraka, hata makaa haikuliwi sana. Watoto wanaiweza, wazee wanaiweza. Mimi hapo nilikuwa najua hiyo tu. Sikuwa najua mambo ya damu. Nilikuwa naona tu Mama Brayo anapanda ngazi bila kusimama katikati.

Halafu Baba Brayo akapata likizo.

Alikuwa hajawahi kaa nyumbani mchana. Siku ya kwanza akatoka nje na kikombe chake, akapita kwa mlango yangu, akasimama. Akanusa. Nikaona mtu anabadilika uso. Akainua gunia yenye nilikuwa nimefunikia ndoo, akaona vile vimkia vyote vimeinua kichwa.

"Kijana, hii ni kimea."

"Hapana, Baba Brayo, hii ni ndengu."

"Usinidanganye. Hii harufu naijua kutoka nikiwa mtoto. Unatengeneza pombe kwa plot ya watu, mahali watoto wanalala?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angeeleza. Lakini mnajua mdomo yangu inatanguliaga mimi. Nikamwambia, "Tulia mzee, Jumamosi ikiiva nitakuwekea jagi."

Jioni hiyo caretaker wa plot akakuja na amri. Ndoo nje. Ama mimi na ndoo nje. Ilikuwa mzaha ya sekunde moja, na nilikuwa nailipia na ndoo tatu. Nikahamisha ndoo kwa rafiki mwenye alikuwa na kibanda ya kinyozi, ndengu ikawa inaota katikati ya nywele. Biashara gani hiyo.

Lakini mwenye alilipa zaidi ni Mama Brayo. Baba Brayo alimkataza kabisa. Na si kwa ubaya. Aliniambia mwenyewe baadaye: baba yake alikunywa busaa mpaka shamba ikaisha na yeye akafa, na mwenye alikuwa anapika hiyo busaa ni mama yake, ili apate ada ya kusomesha yeye. Hebu fikirieni hiyo. Mtoto amesomeshwa na kitu yenye imemuua baba yake. Kwake hiyo harufu ya nafaka mbichi chini ya gunia ilikuwa harufu ya matanga. Ningejua, hiyo jagi ningeimeza.

Basi Mama Brayo akarudi chai na mkate. Nilikuwa namwona akienda kuteka maji, anaweka mtungi chini, anashika ukuta. Namwambia, "Mama Brayo, nikuletee?" Anasema, "Wacha, Mutiso. Usinitafutie maneno."

Siku moja mchana nikasikia Brayo, mtoto wake, analia kwa ngazi. Mama Brayo alikuwa amekaa hapo, kichwa kwa ukuta, midomo nyeupe kama unga. Mtungi imeanguka, maji inateremka ngazi moja moja. Baba Brayo, bado ako likizo, akatoka mbio na soksi bila viatu. Tukaangaliana. Hatukuwa tumesalimiana kutoka ile siku.

"Shika huku," akaniambia.

Tukambeba.

Kliniki, sista alimpima, akamlaza, akakuja kutuangalia sisi wawili kama watoto wamevunja dirisha. "Damu imeshuka tena. Ilikuwa imeanza kupanda vizuri. Vidonge anakula?"

"Anakula," Baba Brayo akasema.

"Na chakula?"

Mama Brayo akasema akiwa kwa kitanda, sauti ndogo, "Sista, nilikuwa nakula ndengu ya kuota ya huyu kijana. Ndio ilikuwa inakaa tumboni. Lakini Baba Brayo alisema ni kimea, nikaacha."

Nilingoja sista acheke. Hakucheka. Akavuta kiti karibu na Baba Brayo. "Baba, kimea haijakuwa pombe bado. Mpaka isagwe, ipikwe, iachwe ichachuke. Hata uji ya watoto kuna wenye wanatumia unga ya nafaka imeota. Nafaka ikiota inapata vitamini C, ile ya machungwa, yenye ilikuwa haina ikiwa kavu. Hiyo vitamini inasaidia mwili kuvuta madini ya damu kutoka kwa chakula. Na ile kitu kwa ngozi ya ndengu yenye inafungia hayo madini inapungua. Tena kuna vitamini ya folik ndani, ya kusaidia mtoto. Na inasaidia choo, kwa sababu hivi vidonge vya damu vinafunga tumbo."

Mimi nikaanza kuvimba kifua. Nikajiona daktari.

Akanigeukia. "Na wewe, unampatia imepikwa ama mbichi?"

"Saa zingine mbichi, sista, na chumvi kidogo, inakuwa tamu..."

"Mama mjamzito! Mbichi! Hiyo kitu inakaa kwa joto na unyevu siku nzima, unafikiri ni ndengu peke yake inaota hapo? Wadudu wa tumbo pia wanaota. Mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mgonjwa, hao wote wapikie mpaka iive." Kifua yangu ikarudi mahali yake. Sista akaendelea: "Osha mikono, osha ndoo na maji moto. Weka nyanya, kamua ndimu mwishoni. Na chai asikunywe pamoja na chakula, chai inafukuza madini. Angoje kwanza. Na mjue hii haitoi vidonge kazini. Vinaenda pamoja."

Tukatoka nje. Baba Brayo akasimama kando ya ukuta ya kliniki, anaangalia soksi zake zimekuwa nyeusi. Akasema, "Kijana, sitaki unisaidie na ya kwako."

Nikajua tumerudi pale pale.

"Nataka unioteshee kwangu. Mbele yangu. Kutoka kavu mpaka sahani. Nikiona kila kitu na macho yangu, nitampatia mimi mwenyewe. Nisipoona, moyo yangu haitakubali."

Hapo nikamsikia Mzee Wafula kwa masikio kama amesimama nyuma yangu. Usifunze mteja. Na huyu si mteja mmoja. Huyu ni mzee wa kanisa, na kanisa yake ndio wateja wangu karibu wote. Nikamwangalia zile soksi.

"Uko na ndoo?" nikamuuliza.

Wadogo wangu, mimi nimeona watu wakiosha ndengu, lakini sijaona mtu kama Baba Brayo. Alikuwa anaiosha kama anabatiza. Alichagua moja moja na miwani. Alichemsha kitambaa. Nikimwambia tuoshe jioni, yeye anangoja na saa mkononi. Siku mkia zilitoka aliniita kwa nguvu, nikafikiri Mama Brayo amezidiwa. "Mutiso! Kuja uone! Zimetoka zote!" Mtu wa ofisi, anaruka ruka na ndoo.

Alipika mwenyewe, na kitunguu na nyanya zenye zimetoka shamba za Kimana, akakamua ndimu. Alikula kijiko ya kwanza yeye, akangoja kama mtu amekula sumu, halafu ndio akampelekea mama. Chai akaifungia kwa kabati na kufuli. Kweli, na kufuli.

Damu ilipanda. Polepole, si siku moja. Sitawadanganya ati ni ndengu peke yake, vidonge vilikuwa hapo na maombi yalikuwa hapo, na mimi sikupima ni ipi ilifanya nini. Lakini siku ya kujifungua, sista alisema damu iko sawa, na msichana akazaliwa akilia mpaka wenye walikuwa kwa laini ya kudungwa sindano wakajua.

Halafu ndio nikastaafishwa. Wamama wa kanisa walikuja kuona mtoto, wakakaribishwa ndengu. "Baba Brayo, hii ni nini tamu hivi?" Yeye anaweza nyamaza? Alisimama akawafunza hapo hapo, na ndoo, kama Sunday school. Wiki hiyo hakuna mtu aligonga kwangu. Iliyofuata, nikaenda kuuliza mteja wangu mmoja kama amehama. Nikapata amefunika ndoo na kitambaa, ndengu ziko ndani, na amenizidi kwa mkia. Akaniambia, "Mutiso, kwani ilikuwa rahisi hivi na ulikuwa unatuuzia?"

Nilipoenda kuona mtoto, nilikuwa nimebeba zile ndoo za Mzee Wafula. Nikamwachia Baba Brayo, mimi sina kazi nazo. Alizishika akaangalia yale mashimo. Halafu akainua kitambaa kwa ndoo yake, akainama, akaweka pua hapo, akavuta harufu. Nikafikiri anakagua kama imeharibika.

"Mutiso," akasema, bado ameinama. "Hii harufu ni ya jikoni ya mama yangu. Miaka yote nilikuwa nanusa baba peke yake."

Nilikuwa na mzaha tayari kwa ulimi. Hiyo moja niliimeza.

Basi ndio hiyo. Loweka ndengu yako leo jioni, osha mikono, na mama yako mzee umpikie mpaka iive. Usiniulize tena mbona niliacha. Siku hizi nauza maji tamu, na hii nimeichunguza vizuri kabla nianze: hata nikiwafunza mpaka asubuhi, hakuna mmoja wenu ataotesha maji. Haya, mtungi ya nani inafuata?